Nyumba Tupu ni ya Nani?



Mfunguo Mosi ukiingia kadi za harusi humiminika, na siku hizi zinakuja na neno lake: minimalizimu. Mpambaji analo mdomoni, fundi wa jipsamu analo, muuza makochi analo. Bibi harusi anataka jukwaa la minimali, chumba cha minimali, nyumba nzima ya minimali. Mwulize maana yake, atakwambia kila kitu kiwe cheupe au krimu, vitu viwe vichache, na picha itoke safi.

Rangi nyeupe haituudhi hata kidogo, na wala hatuna hamu ya kurudi kwenye yale majukwaa ya viti vya dhahabu na maua ya plastiki, mpaka bibi harusi mwenyewe unamtafuta kwa tochi. Lakini neno hili lina historia yake. Ndani ya historia hiyo kuna mwanamke aliyejengewa nyumba tupu kuliko zote, akaishia mahakamani na aliyemjengea. Yuko pia mwanamke wa Kiislamu aliyejenga msikiti mtupu kwenye ardhi ya bibi yake, ukawa raha ya mtaa mzima. Tungependa kila bibi harusi awajue wote wawili kabla hajamlipa mtu.

Maoni yetu tunayasema mapema, ili anayetaka kubishana aanze mapema. Utupu wa nyumba si wema wala ubaya. Tazama nani kauchagua, na nani atakayeishi ndani yake.

Tuanze kulikoanzia. Kama mtindo wa sanaa, minimalizimu ilishika kasi New York katika miaka ya 1960. Kabla yake wachoraji wengi mashuhuri wa Marekani walikuwa wakimwaga hisia zao kwenye turubai, rangi juu ya rangi. Wakaja vijana waliochoka na kelele zile. Frank Stella alikwisha kuonyesha njia mwaka 1959 kwa picha zake za mistari myeusi mitupu. Dan Flavin alichukua taa za mirija, zile zile zinazouzwa madukani, akazitundika ukutani zikawa ndiyo kazi yenyewe. Carl Andre alipanga matofali 120 sakafuni. Jumba la sanaa la Tate la London likayanunua mwaka 1972, na miaka minne baadaye magazeti ya Uingereza yakaja juu: yaani fedha za umma zimenunuliwa matofali! Ukicheka hatukulaumu.

Jina lenyewe walipewa. Mwanafalsafa wa Kiingereza, Richard Wollheim, aliandika juu ya sanaa ya uchache mwaka 1965, na jina likaganda. Wengi hawakulipenda, akiwemo Donald Judd, ambaye leo ndiye hutajwa wa kwanza. Huyu Judd alikuwa bwana wa masanduku. Katika mji wa Marfa, jimbo la Texas, ndani ya mabanda mawili ya zamani ya mizinga ya jeshi, aliweka masanduku 100 ya alumini, kazi iliyokamilika mwaka 1986. Kwa nje yote yana kipimo kimoja. Ndani, kila moja limegawanywa kivyake. Hakuna mawili yaliyo sawa. Sisi tulipolisoma hilo tulikumbuka safu za mabaibui meusi uwanjani siku ya sala ya Idi, na tukaona kwamba mwanamke wa Kiislamu hahitaji kufafanuliwa zaidi.

Walichotafuta watu hawa ni kumfanya mtazamaji akione kitu chenyewe. Ubao uwe ubao, chuma kiwe chuma, mwanga uonekane unavyoingia asubuhi na unavyoondoka jioni. Hakuna pambo la kuficha kitu. Na hapo pana jambo ambalo wauzaji hawalisemi: pambo linapoondoka, kila kosa la fundi linabaki uchi. Ukuta usio na nakshi wala pazia zito lazima unyooke kweli. Kabati lisilo na vishikio lazima milango yake ikutane sawasawa. Kwa hiyo uchache uliofanywa vizuri ni kazi ghali. Anayekuuzia vitu vichache kwa bei ya vitu vingi huenda hakudanganyi, lakini basi na kazi yake iwe ya kiwango hicho.

Kwenye ujenzi mambo yalianza mapema zaidi kuliko kwenye sanaa, na hapa ndipo tunapokutana na Dk. Edith Farnsworth.

Alikuwa daktari wa figo mjini Chicago, mwanamke msomi, asiye na mume, mwenye fedha zake mwenyewe. Alitaka nyumba ndogo ya kupumzikia mwisho wa wiki, kando ya mto Fox, huko Plano, Illinois. Kazi akampa Ludwig Mies van der Rohe, Mjerumani aliyehamia Chicago na ambaye tayari alikuwa na jina kubwa. Nyumba ikakamilika mwaka 1951. Ina sakafu, ina paa, ina nguzo nane za chuma zilizopakwa rangi nyeupe, na kuta zake zote za nje ni kioo, kutoka chini hadi juu. Ndani hakuna vyumba. Katikati kuna kizimba cha mbao kilichobeba vyoo, mabomba na jiko upande mmoja, basi. Wasanifu majengo duniani kote wanaihesabu miongoni mwa nyumba nzuri kabisa za karne ya 20, na ukiziona picha zake hutabisha.

Sasa ingia ukae. Kiangazi kioo kinaoka watu, maana ukiacha mlango, madirisha ya kufunguka yalikuwa mawili tu, madogo, upande mmoja. Baridi ikija kioo kinatoa jasho. Usiku ukiwasha taa, wadudu wa mto mzima wanakuja, na wewe mwenyewe unaonekana kama samaki aliye ndani ya tangi. Watu walikuwa wakija kuichungulia nyumba maarufu, na mwenye nyumba yumo. Kabati la nguo halikuwemo kwenye nyumba ile, lilitengenezwa baadaye. Mwaka 1953 Dk. Farnsworth alilalamika kwenye jarida la mambo ya nyumba kwamba hata ndoo ya taka hathubutu kuiweka chini ya sinki, kwa sababu jiko zima linaonekana kutoka barabarani na ndoo itaharibu sura ya nyumba. Gharama zilikuwa zimepanda kupita makisio, yeye na Mies wakashitakiana. Mwaka 1954 mto ukafurika, maji yakaingia ndani. Hata hivyo aliendelea kuitumia nyumba ile mpaka alipoiuza mwaka 1972, akahamia Italia.

Hilo la ndoo ya taka tunaomba ulisome mara mbili. Nyumba ilikuwa tupu kwa sababu mjenzi aliitaka tupu, lakini kazi ya kuiweka tupu kila siku ikamwangukia mwanamke anayeishi humo. Watetezi wa Mies husema Daktari aliiona michoro na akaridhia. Ni kweli aliiona. Mchoro hauna ndoo ya taka.

Miaka mingi aliandikwa vitabuni kama mteja mkorofi aliyemsumbua msanifu mkubwa. Mwaka 2021 taasisi inayoitunza nyumba hiyo iliibadilisha jina rasmi, ikawa Nyumba ya Edith Farnsworth, jina lake kamili, miongo minne baada ya kufa kwake. Tumefurahi, ingawa tungefurahi zaidi kama angepata mapazia akiwa hai.

Kwetu visiwani hakuna anayejenga nyumba ya kioo kitupu, alhamdulillah. Tunajenga ndugu yake: jiko wazi. Mtindo ni huu huu. Ukuta wa kati ya jiko na sebule unavunjwa ili nyumba ionekane kubwa, mwanga upite, macho yasikutane na kizuizi. Kwenye simu inapendeza kweli. Halafu inafika siku ya Ijumaa, bwana katoka msikitini na wenzake watatu, na wewe uko jikoni na kanga kifuani unakaanga changu. Utafanya nini? Ama uvae baibui na mtandio mbele ya moto, ama ukimbilie chumbani samaki aungue, ama wageni waambiwe wangoje barazani kama wapiga hodi wa mjini. Na harufu ya kitunguu saumu imeshaingia kwenye kochi la krimu, ambalo hata hivyo bado hujamaliza kulilipia.

Huko mtindo ulikozaliwa, mtu anaweza kukaa mwezi mzima hajabishiwa hodi na asiyemtarajia. Hapa mlango haufungwi mpaka Isha isaliwe. Shemeji anaingia, mtoto wa jirani anakuja kuomba chumvi, muuza samaki anachungulia. Surat An-Nur imetufundisha kubisha na kuomba ruhusa kabla ya kuingia kwenye nyumba za watu, na katika aya ya 58 imetaja nyakati tatu za faragha ambazo hata watoto wa nyumbani waombe ruhusa: kabla ya alfajiri, mchana watu wanapovua nguo kupumzika, na baada ya Isha. Mafundisho hayo yanachukulia kwamba nyumba ina mahali pa kujisitiri. Anayekuvunjia kuta zote kwa ajili ya mwonekano amekuachia wewe kazi ya kuutafuta ukuta kwa nguo ulizovaa.

Wala usidhani minimalizimu yote ni ya kioo. Mwaka 1976, katika mtaa wa Sumiyoshi mjini Osaka, Japani, Tadao Ando alijenga nyumba ndogo ya zege iliyobanwa kwenye safu ya nyumba za kale za mbao. Upana wake haufiki mita 4. Upande wa barabarani hakuna dirisha hata moja, ni mlango tu. Ukiingia, sehemu ya katikati ya nyumba ni ua ulio wazi hadi juu. Mvua ikinyesha, kutoka chumba cha kulala kwenda chooni unachukua mwavuli. Ni adha, hatutaipamba. Lakini wenye nyumba waliikubali wakiijua, wakaishi humo miaka na miaka. Uchache wa Ando umegeuza uso ndani: mpita njia haoni kitu, na aliye ndani ana kipande chake cha mbingu.

Mtu wa Mji Mkongwe au wa Lamu akiiona nyumba hiyo atasema hii naijua. Ukuta wa mawe ulionyamaza kwa nje, daka la kupokelea wageni, njia ya kuingilia iliyopindwa ili jicho la barabarani lisifike ndani, kisha ua wenye jua na upepo kwa ajili ya wanawake na watoto. Vyumba virefu na vyembamba, kwa kuwa upana wake ulipimwa na urefu wa boriti ya mkoko, na kuta zimepakwa chokaa nyeupe. Ni nyumba zilizojengwa kwa akili nyingi kuhusu joto na kuhusu stara.

Hapa tunamkatiza anayetaka kurukia kusema bibi zetu ndio minimalisti wa kwanza. Hawakuwa. Waliokuwa nazo walijaza zidaka kwa sahani za kaure kutoka Uchina, wakachonga milango mpaka mwimo wa juu, wakaweka vitanda vya nakshi, mazulia na makasha yenye njumu za shaba. Wasiokuwa nazo walikuwa na mkeka, mtungi na kibao cha mbuzi kwa sababu ndivyo walivyojaaliwa. Umaskini wa mtu tusiupake rangi ya krimu tukauita mtindo.

Dini nayo haikutukataza kupamba, na tunalisema hili kwa sababu siku hizi kuna mashoga zetu wanaofunga ndoa ya minimalizimu na zuhudi kana kwamba ni kitu kimoja. Katika Surat Al-A'raf, aya ya 31 inatuamrisha tuchukue mapambo yetu kila tunapokwenda kuabudu, na hapo hapo inatukataza israfu. Aya inayofuata inauliza ni nani aliyeyaharamisha mapambo ambayo Mwenyezi Mungu amewatolea waja wake. Yote mawili yamo kwa pamoja.

Mpaka uko wapi basi? Sisi tunapenda kuangalia mambo mawili aliyoyasimulia Bibi Aisha, radhi za Allah zimshukie. La kwanza, Mtume (s.a.w.) alisali akiwa amejifunika nguo yenye nakshi, jicho lake likavutwa na zile nakshi. Alipomaliza akaagiza nguo irudishwe kwa Abu Jahm, aletewe nyingine ya Abu Jahm isiyo na nakshi. La pili, Bibi Aisha alikuwa ametundika pazia lenye picha, Mtume akalichukia, naye akalikata akalifanya mito ya kuegemea. Angalia hekima ya mwanamke yule. Pazia halikutupwa jaani ili nyumba ionekane safi. Liliondolewa ukutani kwa sababu iliyojulikana, na kitambaa kikapata kazi. Kilichoondolewa ni kile kilichoushughulisha moyo. Hakuna mgeni wala mpiga picha aliyehusika katika uamuzi ule.

Kipimo hicho tunakiona kimejengwa kwa matofali mjini Dhaka, Bangladesh. Bibi mmoja, Sufia Khatun, alitoa kiwanja chake kijengwe msikiti, na kazi akamkabidhi mjukuu wake, Marina Tabassum, ambaye ni msanifu majengo. Bibi akafariki kabla hajauona msikiti umesimama. Mjukuu akaendelea na michango ya watu, na mwaka 2012 msikiti ukakamilika. Unaitwa Bait Ur Rouf. Hauna kuba. Hauna mnara. Ni matofali mekundu ya kuchoma, kile kile wanachojengea watu wa huko nyumba zao.

Kiwanja hakikukaa sawa na kibla, tatizo ambalo nasi tunalijua. Tabassum hakulificha. Umbo la nje ameliacha mraba ukifuata kiwanja, ndani ya mraba akaweka duara, na ndani ya duara ukumbi wa sala umegeuzwa kuelekea kibla. Pale mraba na duara vinapoachana, pamebaki nafasi wazi, na nafasi hizo ndizo zinazopitisha hewa na kushusha mwanga. Kuta zimeachwa matundu kati ya tofali na tofali, mithili ya zile kuta za matundu tunazoziweka kwenye ngazi na vibaraza vyetu. Kwenye paa kuna vitundu vya duara. Jua likipanda, sakafu inatapakaa nukta za mwanga kama lulu zilizomwagika. Jengo zima limeinuliwa juu ya kitako kirefu kukwepa mafuriko, na hapo juu watoto hucheza na wazee huketi kuzungumza. Mwaka 2016 likapewa Tuzo ya Aga Khan ya Usanifu Majengo.

Ukumbi huo wa sala umebebwa na nguzo nane. Kule Plano pia nguzo zilikuwa nane, na kule pia msanifu alikuwa mkubwa. Lakini utupu wa Dhaka umetokana na mambo ya watu wenyewe: fedha zilikuwa chache, hali ya hewa ni joto na unyevu kama yetu, na anayesali hataki kitu mbele ya macho. Ukiondoa kitu chochote pale, mtu atakikosa. Ukiongeza, atasumbuka. Tungependa mafundi wetu wanaochora nyumba za minimali hapa kisiwani waitazame kazi ya Tabassum kabla ya kutuletea madirisha ya kioo yasiyofunguka na kiyoyozi cha kutuliza makosa yake. Umeme ukikatika tutaoka wote.

Wako wanawake wengine katika habari hii ambao tunaona haya kuwapita haraka, ila nafasi ni ndogo. Agnes Martin, mzaliwa wa Canada, alichora miraba ya mistari ya penseli kwa mkono mtulivu kiasi kwamba ukisogea unaona pumzi yake. Mwaka 1967 aliiacha New York na sifa zake, akaenda kuishi peke yake jangwani New Mexico. Nasreen Mohamedi, aliyezaliwa Karachi mwaka 1937 katika familia ya Kiislamu na kufundisha Baroda, India, alichora mistari ya wino iliyonyooka kama uzi wa mvuvi, huku maradhi yakiudhoofisha mwili na mkono wake. Alifariki mwaka 1990, na dunia ikachelewa sana kumjua.

Tunayetaka kukaa naye ni Zarina Hashmi, au Zarina tu, kama alivyopenda kujulikana. Alizaliwa Aligarh mwaka 1937, akasoma hisabati, akaolewa na mwanadiplomasia, akaishi nchi hii na ile mpaka alipotulia New York. India ilipogawanywa mwaka 1947 alikuwa mtoto wa miaka kumi. Baadaye jamaa zake walihamia Pakistan, na nyumba ya utotoni ikabaki kuwa ya kukumbuka. Mwaka 1999 alitengeneza mfululizo wa kazi 36 za kuchonga ubao na kuchapa kwenye karatasi, kwa wino mweusi. Kila moja ilianzia kwenye neno moja la Kiurdu, na neno limeandikwa kwa khati chini ya picha: kizingiti, mlango, ua, ukuta. Mchoro wenyewe ni mistari michache. Wakati mwingine ni kona tu. Mfululizo aliuita kwa jina lenye maana kwamba nyumbani ni mahali pa ugenini. Alifariki London mwaka 2020.

Bibi harusi unayetoka kwa mama yako wiki ijayo, kazi hiyo inakuhusu. Huyu alikuwa mtu aliyejua nyumba ni nini kwa sababu aliikosa, na alipotaka kuiweka kwenye karatasi hakuchora kochi wala taa ya dari. Alichora kizingiti. Uchache wake umebaki na yale ambayo moyo ulikataa kuyaachia. Huo ndio uchache tunaoupigania. Kaa chini na mwenzako, kabla ya fundi na kabla ya mpambaji, mjiulize nyumba yenu itakuwa na nini ambacho mkikiondoa mtakikosa. Pengine ni pembe ya kusalia yenye msala na msahafu, isiyo na kitu kingine. Pengine ni meza kubwa kwa sababu kwao ni watu wengi. Pengine ni kabati la vyombo la mama, lenye vioo na sahani za maua, ambalo haliendani na kitu chochote mnachokiona kwenye simu.

Maana tumeanza kuona mambo. Tumeona seti ya masufuria ya shangazi ikirudishwa dukani kwa kuwa rangi yake haiingii. Tumeona stoo ya mama mkwe imejaa masanduku na mafurushi ili sebule ya bibi harusi ibaki tupu. Vitu ni vile vile, vimehamishwa tu kutoka kwenye picha. Tumeona mikopo ya vikoba ikichukuliwa kwa ajili ya jukwaa la ukumbini lenye pazia moja jeupe na vase tatu, linalobomolewa saa sita ya usiku. Na huyo dada wa kazi anayefuta alama za vidole kwenye kabati zisizo na vishikio kutwa mara nne, yeye kapata nini katika uchache huu?

Nikaha iliyo nyepesi ina baraka, hilo hatuhitaji mtu wa New York atuambie. Lakini wepesi uonekane kwenye daftari la matumizi kabla haujaonekana ukutani. Kama jukwaa tupu linagharimu sawa na lililojaa, chagua unalolipenda, ila usijiambie umebana matumizi.

Kwa anayejenga au anayekarabati sasa hivi, tunaomba mambo machache myapange na fundi mkiwa mmekaa chini, pamoja na mchoro. Mwambie akuonyeshe ndoo ya taka itakaa wapi. Mwambie akuonyeshe mtu aliyesimama mlangoni ataona mpaka wapi, na wewe ukiwa umevua mtandio utakuwa upande gani wa jicho hilo. Muulize dirisha gani linafunguka na upepo wa kusi utatokea wapi. Na mlango wa jiko, hata ukiwa wa kusukuma pembeni, uandikwe kwenye makubaliano kabla nyundo haijagusa ukuta. Akikwambia mlango utaharibu mwonekano, muulize kwake mkewe anapikia wapi.